Ukurasa Ulioondoka na Maandazi

Hapana. Usiniambie "alikuwa na mambo yake." Nimekusikia, dada, hapo ulipokaa na beseni la viazi, umeshusha sauti kama unatoa siri ya ikulu: "Marehemu Mama Ngassa alikuwa mama mwema, ila kule machimboni, mh, alikuwa na mambo yake." Mambo gani? Yataje. Kama huyajui, menya viazi. Hivyo ndivyo nilivyosema, msibani, Nyasubi, siku ya pili ya matanga, nimesimama na kisu mkononi mpaka mama mmoja akanishika kiwiko akidhani nataka kuchoma mtu. Sikutaka kuchoma mtu. Nilitaka jibu. Yule dada akasema, "Basi Kabula, yaishe, mimi nimesikia tu." Ndilo hilo hilo. Kila mtu amesikia tu. Mimi niliona, mimi nilikula pale, na mimi ndiye niliyeharibu. Kwa hiyo nitasema mimi, na nitasema yote, hata yanayoniuma.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha nne nimefeli, nikaenda machimboni upande wa Runzewe na sola moja, betri ya gari, na ubao wenye waya kumi na mbili za kuchajia simu za watu. Kule shimo la dhahabu linaitwa duara, na mashine ya kusaga mawe inaitwa karasha, na karasha ikianza alfajiri huwezi kusikia hata njaa yako. Vumbi linakaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye chumvi. Nilihitaji kivuli cha kuweka ubao wangu, na kivuli kilikuwa kwa Mama Ngassa, mama ntilie. Banda lake lilikuwa la miti na turubai la bluu, mabenchi mawili, meza moja iliyoegemezwa jiwe mguu mmoja, na nyuma ya kanga iliyoning'inia, chumba chake cha kulala. Asubuhi maandazi na chai ya rangi. Mchana ugali na dagaa, au ugali na mlenda, na msimu wa michembe anakuchemshia viazi vikavu na maharage mpaka unamsahau aliyekuzaa. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, mkimya, macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi. Hayo macho yaweke akilini. Kwetu huku mwanamke wa umri wake mwenye macho mekundu hahitaji kosa jingine ili aitwe mchawi.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama, naomba kona," akaitikia marahaba, akanitazama, akauliza, "Unajua Kiingereza?" Nikasema nimefeli lakini kidogo ninacho. "Kidogo kinatosha," akasema, "mimi nina kamusi." Akaniingiza ndani. Chini ya kitanda kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, kinene kama tofali. Alikuwa amekinunua kwa kilo kwenye gulio la Runzewe pamoja na magazeti, karatasi za kufungia maandazi. Alifungia kurasa za mwanzo bila kutazama, kisha siku moja mkono ukakwama kwenye mchoro wa kereng'ende, bawa limechorwa mshipa kwa mshipa, akasema alihisi kama amekuwa akichana nguo ya mtu. Akaacha. Mama wa darasa la saba, jioni akiosha sufuria anasoma mstari mmoja, anafungua kamusi, anasoma tena. Kilikuwa kitabu cha wadudu. Na kila alipofika penye jambo kubwa, kitabu kilimwambia atazame mti wa ukoo wa wadudu wenye mabawa, ukurasa fulani. Ukurasa huo haukuwepo. "Umekwenda Isaka," alikuwa akisema. "Na dereva wa lori. Maandazi mawili." Akicheka hapo, mabega tu ndiyo yanatikisika.

Sasa mtu mwingine angesema basi, ukurasa umepotea, tupike. Yeye akasema kama mti umepotea, wadudu wenyewe hawajapotea, tutauchora upya. Akachana mfuko wa saruji, akaubandika ukutani nyuma ya kanga, akaanza kuchora kwa mkaa. Mimi nikaingia kwenye hiyo kazi kwa ubishi tu, maana nilikuwa siwezi kuona mtu ana uhakika bila kumpinga. Mvua za kwanza zilipopiga, kumbikumbi wakatoka, kambi nzima ikatoka na ndoo. Tukakaa mlangoni yeye anapepeta kwenye ungo, mabawa yanaruka upande huu, nyama inabaki upande ule, na wachimbaji wamejipanga na sahani. Akachukua kumbikumbi mmoja kabla hajapoteza mabawa, akaniwekea kiganjani. "Tazama akitulia. Mabawa anayaweka wapi?" Nikatazama. Alikuwa ameyalaza mgongoni, moja juu ya jingine, kama mtu anavyokunja mikono. "Ndiyo maana anaingia kwenye tundu," akasema. "Mende hivyo hivyo. Panzi, mbawakawa, nyuki, wote wanajua kukunja. Sasa nenda bwawani ukamtazame kereng'ende akitua." Nilikuwa nimemwona kereng'ende maisha yangu yote na sikuwahi kumwona. Anatua, mabawa yamekaa wazi kama ndege ya abiria. Hajui kukunja. Hakuna tundu litakalompokea.

Na kulikuwa na wa tatu, ambaye jina lake la Kiswahili hatukulijua, tukampa letu: mdudu-jioni. Anaishi mtoni utotoni, chini ya mawe, mwaka mzima pengine, kisha jioni moja anatoka na mabawa na kesho amekufa. Mwembamba, nyuzi ndefu mkiani, mabawa ameyasimamisha juu yamegusana. Naye hajui kuyalaza. Ukubwani hana mdomo wa kulia. Kuna alama tu pale ulipopaswa kuwa. Mama Ngassa alipoligundua hilo kwenye kitabu alinisomea mara mbili, akasema, "Wewe Kabula ungekufa saa ile ile."

Kwa hiyo matawi yalikuwa matatu: kereng'ende, mdudu-jioni, na ukoo mkubwa wa wanaokunja. Swali ni nani aliondoka nyumbani kwanza. Mimi nikasema swali gani hilo, jibu liko wazi, kereng'ende na mdudu-jioni ni ndugu, wote wawili hawakunji, waweke tawi moja. Akaacha mwiko kwenye sufuria. Masanja alikuwepo benchini, mchimbaji kijana mwenye jino la dhahabu na mdomo kama wangu, anasubiri ugali. Mama Ngassa akamnyooshea kidole. "Masanja, una baiskeli?" "Sina, mama, si unajua niliiuza." "Na wewe Kabula?" "Sijawahi kuwa nayo." "Basi nyie ni ndugu?" Masanja akasema, "Mungu apishe mbali!" Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Kukosa kitu si ukoo. Watu wote zamani hawakuwa na baiskeli. Nikitaka kujua ndugu, naangalia waliopata kitu kipya pamoja, siangalii waliokosa pamoja." Nikang'ang'ana, nikamtupia kipepeo: anafunga mabawa kwa juu, halazi, mbona umemweka kwa wanaokunja? "Kipepeo ni Masanja," akajibu. "Alikuwa nayo, akaiuza. Tazama mambo yake mengine, anavyokuwa kiwavi, anavyojifunga, ni wa ukoo ule ule." Nimekwenda shule miaka kumi na moja na hakuna mwalimu aliyewahi kunipa kitu cha kubeba kama kile. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "wale wote ni sawa," najiuliza, wamepata nini pamoja, au wamekosa tu?

Yeye upande wake ulikuwa kwamba mdudu-jioni aliondoka kwanza. Sababu yake tuliipata kwenye chandarua. Kijito kilikuwa hatua mia tatu kutoka bandani, bado kisafi wakati huo, na jioni taa yangu ya sola ilikuwa inawavuta mpaka ndani. Asubuhi moja akaniita, "Kabula, njoo, salamu za mwangaluka baadaye." Kwenye chandarua chake palikuwa na ngozi zimeshikilia, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kila ngozi ilikuwa na mabawa yake. Kando yake wadudu wenyewe, wapya, wanang'aa. Walikuwa wamejivua ngozi wakiwa tayari wana mabawa. Tukakaa kitandani, mimi na yeye, tukizihesabu. Kereng'ende akishapata mabawa hajivui tena. Panzi hajivui. Kumbikumbi hajivui. Hakuna. "Huyu peke yake amebaki na desturi ya kale," akasema. "Wengine wote wameiacha. Wameiacha pamoja, kabla hawajagawana. Kwa hiyo kereng'ende ni ndugu wa wanaokunja, na huyu ndiye alitoka mapema." Nikasema, mama, kuacha kunaweza kutokea mara mbili, watu wawili wanaweza kuacha pombe bila kujuana. Akachukua mkaa, akaweka alama ya kuuliza pale matawi yanapoachana. "Wabeja," akasema. Asante. Hakuna sifa niliyowahi kupewa inayolingana na ile.

Wadudu aliwaweka kwenye chupa, za asali, za dawa ya kikohozi, na ndani yake gongo, maana spiriti ya dukani ilikuwa mbali na gongo ilikuwa jirani. Chupa arobaini na kitu, chini ya kitanda, kila moja na kikaratasi. Akaniambia mara moja tu, sikuhitaji kuambiwa mara mbili lakini ilibidi niambiwe mara elfu: "Haya ni mambo ya nyuma ya kanga. Watu hapa wanachimba kwa bahati, na mtu wa bahati ana hofu. Usiwaonyeshe." Nikasema sawa mama.

Kisha duara kubwa likakauka. Wiki tatu wanatoa mawe, wanasaga, wanaosha, kwenye kapeti ya kuoshea hakuna hata punje. Mwenye duara akawa haongei na mtu. Chakula kikaanza kuliwa kwa hasira. Na siku hiyo Masanja, ambaye hakuwa mbaya, nataka ieleweke hakuwa mbaya, alikuwa amechoka tu na alikuwa na watu wa kuchekesha, akaita, "Mama Wadudu! Leo dagaa ni dagaa kweli, au umetupikia mende?" Wakacheka. Mama Ngassa akaendelea kupakua. Mimi damu ikapanda. Nikasema mende anajua kukunja bawa lake, wewe hata shuka hukunji. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Akasema, "Huyo mama yako kasoma wapi? Eti mdudu anajivua ngozi na mabawa! Muongo." Muongo. Alilisema hilo mbele yangu. Nikasema tuwekeane dau, ukishindwa unaosha vyombo vya hapa wiki nzima. Akasema lete ushahidi. Mama Ngassa akasema, "Kabula." Neno moja. Nililisikia. Nikainua kanga, nikaingia, nikatoka na chupa sita mikononi na nyingine kwenye sketi, nikazipanga mezani kati ya sahani za ugali. Huyu hapa. Na ngozi yake hii hapa, hesabu mabawa. Nikaona haitoshi, nikashusha na mfuko wa saruji wenye mti, nikautandika juu ya benchi, nikawaelezea matawi kama mhubiri wa stendi. Nilikuwa mzuri siku ile. Nilikuwa mzuri sana. Masanja akainama, akahesabu mabawa, akasema, "Lo! Kweli bwana," na kuna aliyenusa chupa akapiga kelele, "Jamani, gongo safi anawanywesha mende!" Wakavunjika mbavu. Masanja akaosha vyombo, mikono mpaka kwenye viwiko. Mimi nikadhani nimeshinda. Nilipogeuka, Mama Ngassa alikuwa anazirudisha chupa ndani mojamoja, taratibu, bila kumtazama mtu. Na mwenye duara, aliyekuwa mwisho wa benchi, hakuwa amecheka. Alikuwa anatazama ule mfuko wa saruji.

Siku nne baadaye wakaleta mganga kutoka upande mwingine wa pori. Mganga wa duara kazi yake inajulikana: anazunguka shimo, anauliza maswali, anakula mbuzi, anasema dhahabu imekwenda wapi. Na alichokisema sihitaji kudhani alikiota, maana mtu alikuwa ameshamsimulia njiani. Alisema dhahabu ya duara lile ina mabawa, na kuna mtu ameyafungia mabawa hayo kwenye chupa, na amechora njia zake zote kwa mkaa. Kwa mkaa! Hata hilo alilijua. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, watu wanaonana nyuso vizuri kabisa. Walikuja kama ishirini. Nusu yao walikuwa wamekula maandazi yake saa mbili zilizopita.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Niliwaambia mimi ndiye niliyewaonyesha, chupa zile ni za kusomea, muulizeni Masanja, Masanja alihesabu mwenyewe! Na Masanja alikuwa pale, kwenye nguzo ya turubai, ndoo mkononi. Nikamwita kwa jina. Akatazama ndani ya ndoo. Watu wanne au watano ndio waliovunja. Nataka niwe mkweli kwa hesabu hiyo, wanne au watano, si ishirini. Walitoa kitanda nje, walipiga chupa kwenye jiwe lile lililoshika mguu wa meza, na harufu ya gongo ikapanda kama harusini, na ardhini vikabaki vioo na vidude vidogo vyenye mabawa vimelowa, kazi ya miaka mingi kuliko mimi nilivyoijua. Mfuko wa saruji waliuchoma. Mmoja akamshika Mama Ngassa shingoni na kuangalia macho yake, akasema, "Yaoneni." Yeye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Moshi huo, baba. Wa ugali wako." Nadhani hilo ndilo lililomwokoa, maana yule mtu mkono ulilegea. Wakampa mpaka saa sita awe ameondoka. Hao wengine, wale kumi na tano, walisimama tu. Mmoja wao hata alimsaidia kufunga mzigo.

Nilimsindikiza mpaka barabara ya lami. Nililia njia nzima, naomba msamaha, naongea, naongea. Alibeba sufuria kichwani na kitabu kwapani, maana kitabu hawakukijua, walidhani ni karatasi za maandazi. Tulipokaa kusubiri gari akasema, "Kabula, hukunisema vibaya. Ulinisifia. Sasa kajifunze tofauti ya kumsifia mtu na kumlinda."

Nilibaki machimboni miezi miwili kwa kiburi, duara halikutoa kitu, kijito kikawa cha rangi ya chai kwa kuoshea mawe, na taa yangu jioni ikawa haivuti chochote ila mbu. Nikashuka Kahama, nikamtafuta. Alikuwa amepanga chumba Nyasubi, anauza maandazi dirishani. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akaniuliza habari za kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nikamwambia mama, nimepata mfuko mwingine wa saruji, tuchore tena, mti naukumbuka wote. Akasema tutaona. Nilipoaga akanifungia maandazi mawili. Nilifika stendi ndipo nikatazama karatasi. Ilikuwa kereng'ende, bawa limechorwa mshipa kwa mshipa, limelowa mafuta. Alikuwa anakimalizia kitabu. Dirishani pale, ukurasa kwa ukurasa, kwa watoto wa shule na madereva, alikimaliza chote, na hakunigombeza hata siku moja, na kwa miaka kumi na miwili nilimtembelea hatukumtaja mdudu hata mmoja. Mbu akitua mkononi alimpiga kama mtu mwingine yeyote.

Siku hizi simu yangu si ya vitufe. Nimetafuta. Ule ukurasa uliokwenda Isaka, nimekuja kujua, usingetusaidia. Waliosoma mpaka mwisho, wenye maabara na mashine za kusoma vinasaba, bado wanabishana nani aliondoka kwanza, kereng'ende au mdudu-jioni, au kama ni ndugu kama nilivyosema mimi siku ile. Wengine wanatoa sababu yake ile ile, ya ngozi. Alama yake ya kuuliza ya mkaa ilikuwa mahali pake kabisa. Niliyajua haya mwaka jana, nikapanga kumwambia, nikasubiri wakati mzuri, mimi nisiyewahi kusubiri kusema kitu maishani, na wakati mzuri ukawa matanga.

Masanja alikuja msibani. Kanenepa, jino bado lipo. Alipita jikoni kutusalimia, akaniona na kisu changu, akasema, "Kabula, yale ni ya zamani. Sisi hatukumgusa." Ni kweli. Hakumgusa. Na mimi nimekaa nayo hiyo sentensi tangu jana, nataka kumweka tawi moja na waliovunja, nimalize, nilale. Mama Ngassa ananikatalia. Kukosa si ukoo, anasema. Wale wanne walipata kitu pamoja, hawa kumi na tano walikosa tu. Lakini walikosa nini? Na walikuwa hawajawahi kuwa nacho, au walikuwa nacho wakakiuza? Mimi nimeshajiweka: mdomo wangu ndio uliotoa chupa nje, tawi langu nalijua, nimelichora mwenyewe. Wewe uliyekula kwenye benchi lile, ukashiba, ukasimama na ndoo yako ukitazama chini, nikuweke wapi?